Blenda Imegoma, Muuzaji Kanyamaza: Silaha Saba, Kuanzia Iliyo Butu

Kwenye Instagram blenda ile ilisaga barafu ikawa unga. Iliyofika kwako inanguruma, inanuka waya unaoungua, na embe liko vilevile. Muuzaji aliyekuita "kipenzi" hadi hela ilipoingia sasa anasoma meseji na kukaa kimya. Haya, tuhesabu.

7. Kumtukana kwenye komenti. Moyo unapoa, hela hairudi. Anafuta, anakublok, na jioni anaposti: "Mzigo mpya umeingia, wahi!"

6. Kumtumia sauti ya dakika tano. Hiyo hata mama yako haisikilizi yote. Andika: tarehe, bidhaa, bei, ubovu, na unachotaka, ubadilishiwe au urudishiwe hela. Ukiandika tu "naomba unisaidie", utajibiwa "nitakucheki".

5. Video. Washa kamera kabla hujakata gundi ya boksi, uizime blenda ikishagoma. Bila hiyo utaambiwa umeme wa kwenu ndio ulioiua, na kwa umeme tunaoujua, hata wewe utaanza kuamini.

4. Meseji ya muamala. Usiifute! Duka lina jina la kimalkia, lakini hela kapokea bwana mwenye majina matatu. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo huyo bwana si mzuka.

3. Sheria. "Mali ikishauzwa hairudishwi" ni maneno ya kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Hayakupitishwa na Bunge. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Malalamiko yanapokelewa, ila nenda na ushahidi, maana machozi hayapigwi muhuri. Majirani zetu Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za kwao, shauri linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Blenda inaingia humo na nafasi ya friji inabaki.

2. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Iombe kwa upole, hata kama umechelewa: "Naomba na risiti yangu ya TRA." Muuzaji aliyepotea siku nzima huonekana mtandaoni ghafla, na Kiswahili chake kinakuwa fasaha. Wewe nawe ulipaswa kuidai siku ya kununua, kwa hiyo usijifanye mtakatifu sana.

1. Bodaboda aliyeleta mzigo. Tume haimjui muuzaji wako kama anavyomjua huyu. Ukurasa unasema "tupo Kariakoo", jambo ambalo ni sawa na kusema samaki yupo baharini. Bodaboda anajua mtaa, jengo, ghorofa, fremu, na dada anayekaa kaunta. Namba yake unayo, maana alikupigia mara nne akiuliza "upande wa wapi?" Mlipe nauli, akupeleke. Nenda mchana, wateja wakiwa wamejaa. Usigombe. Weka blenda kaunta, onyesha video, na uulize kwa sauti ya kawaida, isiyo ya chini sana, kama za aina hii zimebaki nyingi. Ukipewa nyingine, ichomeke kwenye soketi yao kabla bodaboda hajawasha pikipiki.