Msimu wa Mwisho, Sehemu ya Mwisho, Mwisho wa Mwisho

Jamani, nijibuni. Kitu kikiitwa cha mwisho, si kinaisha? Daladala la mwisho likishakuacha kituoni unajua kabisa leo ni miguu tu. Hukai hapo kusubiri daladala la mwisho sehemu ya pili.

Sasa hawa Wajapani na katuni yao ya mazimwi, Attack on Titan. Msimu wa nne wakaubatiza Msimu wa Mwisho. Desemba 2020 hiyo. Nikasema afadhali, naangalia, naaga, nalala. Wapi! Januari 2022 ikaja Sehemu ya Pili. Machi 2023 ikaja Sehemu ya Tatu, tena nusu. Nusu nyingine mpaka Novemba. Watu hapa mtaani wameoa, wameachana, wamerudiana, mimi bado naaga.

Aliyeniponza ni mtoto wa dada yangu. "Anko, angalia dakika tano tu." Akaniwekea kile kipande cha kwanza, cha 2013. Zimwi linachungulia juu ya ukuta wa mita 50. Linapiga teke lango. Yale mengine yanaingia yanatafuna watu. Kijana Eren anaona mama yake akiliwa na zimwi linalotabasamu, anaapa atayamaliza yote. Hapo nikaelewa kila kitu. Mbaya yule, mwema huyu, kisasi. Ningeishia hapo ningekuwa na heshima zangu mpaka leo.

Maana mbele ya hapo ni giza. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini yanakimbia, nikifika neno la tatu aliyekuwa anaongea keshaliwa. Nikiuliza sana dogo anaguna. Siku moja akaniambia, "Anko, we angalia picha tu." Mimi! Niliyemnunulia kaptula ya chekechea!

Kuna kitu kimoja nilikishika bila msaada. Lile zimwi la tabasamu kumbe lilikuwa mke wa kwanza wa baba yake Eren. Mke mkubwa kamla mke mdogo. Hapo sikuhitaji maandishi.

Basi ikafika siku yenyewe, ya ile nusu ya mwisho. Saa nzima na dakika ishirini na ushee, bando la wiki lote likaenda. Kioo cha simu yangu kina ufa, na ule ufa ukampitia Mikasa, yule binti aliyelelewa pamoja na Eren, usoni mwanzo mwisho. Kila akitokea nadhani kakatwa panga.

Na nikaona nini? Eren wetu yule yule ndiye sasa zimwi. Anatembeza majitu yanakanyaga dunia, asilimia 80 ya watu wamekwisha. Wenzake wanamfuata kumzuia. Nikajiweka sawa, nikavuta stuli, nasubiri kazi. Weee! Yeye na rafiki yake Armin wamejitenga huko, sijui ni rohoni sijui ni ndotoni, wanapiga stori. Mara anasema aliyelielekeza lile zimwi kwa mama yake ni yeye mwenyewe. Nikasimamisha simu. Nikarudisha nyuma. Kasema kweli. Miaka yote nilivyomlilia yule mama!

Halafu akaanza kulia. Nikajua analilia walimwengu. Hapana. Hataki Mikasa apate mwanamume mwingine, anataka akumbukwe, walau miaka kumi. Baba, umemaliza dunia, halafu unadai eda ya miaka kumi? Sisi eda ya mjane tunayoijua ni miezi minne na siku kumi, tena ya mume aliyetoa mahari.

Armin kidogo alinipoza. Mwandishi wa hadithi hii, Hajime Isayama, alipoimaliza kwenye jarida mwaka 2021, Armin alimshukuru muuaji, wasomaji wakawaka. Kwenye katuni wamelirekebisha: anabeba lawama pamoja naye, wataonana motoni. Hapo nawapa alama zao.

Lakini Mikasa akamkata kichwa, akakibusu, mazimwi yakaisha. Basi! Eti kuna binti wa miaka elfu mbili nyuma alikuwa anasubiri kuona hilo busu. Halafu majina yanapita, kumbe nyuma yake mji unakua, unapigwa mabomu, unageuka msitu, anatokea mtoto na mbwa wake mbele ya mti kama ule ambako balaa la yule binti lilianzia. Yaani turudi mwanzo!

Nikajikuta nalia. Sijui hasira, sijui bando. Mke wangu akaja mbio kutoka jikoni.

"Nani kafa?"

"Eren."

"Wa kwenu au wa kwetu?"

Kabla sijapanga jibu, jirani wa mlango wa pili keshafunga kanga, yuko uani anauliza maziko saa ngapi. Kuna aliyeshaanza kuchangisha rambirambi. Nenda wewe kawaeleze kwamba marehemu ni katuni. Kijiweni mpaka leo nikipita wananipa pole.

Nikaapa, sigusi tena. Novemba 2024 dogo ananipigia simu anacheka. Wamezichukua zile nusu mbili, wameziunga, wamezipeleka sinema Japani, zinaitwa Shambulio la Mwisho. Tena mwishoni kabisa wameongeza kipande: Eren, Mikasa na Armin ni wanafunzi wa siku hizi, wanatoka sinema, wanajadili filamu waliyotoka kuiona.

Nikamkatia simu kwa hasira. Nikampigia tena, nimuulize bando la wiki siku hizi shilingi ngapi.