Risasi Kilo Mbili

Risasi huyeyuka ikifika nyuzi 327 za Selsiasi. Nyusi za binadamu hazingoji kiwango hicho, kama anavyoweza kushuhudia mwandishi wa maelezo haya, ambaye hadi Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, alikuwa nazo mbili.

Chambo kinachoelezwa hapa ni ndoana iliyovishwa kichwa cha risasi. Wavuvi wa pwani wanaijua chubwi, ile risasi inayofungwa kwenye mshipi ili uzame. Hapa chubwi na ndoana vimekuwa kitu kimoja, kikapakwa rangi. Mvuvi akivuta uzi kwa kuudonoadonoa, kichwa hurukaruka chini ya maji kama kisamaki kilichojeruhiwa, na samaki mla nyama hukifuata. Ziwa Naivasha lina mteja wa namna hiyo, samaki aina ya besi aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Theta, wadi ya Kiambu iliyo kati ya Ruiru na Juja, ina mito, mabwawa ya mashamba ya kahawa na mashimo ya mawe yaliyojaa maji, na humo samaki anayetarajiwa ni tilapia, au kambare kwa mwenye bahati. Tilapia hula zaidi mimea midogo inayoelea majini na hana desturi ya kufukuza chuma. Jambo hili ni vizuri kulijua kabla ya kununua risasi.

Risasi yenyewe hupendwa kwa uzito na upole wake. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, wakati chuma kina karibu 7.9, hivyo kichwa cha ukubwa wa harage huzama bila kubembelezwa. Shaba inataka nyuzi 1,085 na chuma 1,538, lakini risasi hulainika kwenye jiko la makaa, ndani ya sufuria ambayo haitapikiwa tena chakula milele.

Mahali pa kuitafuta ni kwa mafundi wa magurudumu, wanaobandua vile vizani vidogo vya kusawazisha ringi. Shida ni kwamba si vyote ni risasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizani vya risasi kwenye magari madogo mwaka 2005, na ndoo ya fundi wa leo ina risasi, zinki na chuma vikilala pamoja kama abiria wa matatu. Kuvitambua ni kazi ya sikio: kizani kikiangushwa kwenye saruji, cha risasi husema “pu” na kulala hapo hapo, cha zinki hulia “ting” na kukimbilia uvunguni. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Moto ukidhibitiwa chini ya hapo, zinki na chuma huelea juu na kuenguliwa kwa upawa. Moto ukizidi, zinki hujichanganya na risasi, na kilichomo sufuriani kinakuwa uji uliokatika usioingia kwenye kalibu yoyote. Kipande cha mshumaa kikitupwa ndani huwaka, kaboni yake ikairudisha sehemu ya kutu ya risasi kuwa risasi tena, na uchafu uliobaki, mavi ya risasi, hukusanyika juu.

Kalibu ndiyo sehemu inayodai subira, na ndiyo iliyochukua unyusi wa kushoto.

Kalibu za alumini huuzwa ng’ambo kwa bei ya mbuzi. Msubu wa nyumbani hutengeneza yake kwa jasi, ule unga mweupe wa mafundi wa dari. Jasi ni kitu cha ajabu kuliko sura yake. Jiwe lake la asili limebeba maji ndani ya fuwele, karibu asilimia 21 ya uzito wake, maji ambayo hayaonekani wala hayalowanishi kidole. Kiwandani jiwe huchomwa mpaka lipoteze robo tatu ya maji hayo, likasagwa kuwa unga. Fundi anapoongeza maji kwenye beseni, unga unakumbuka ulikotoka: unayanywa, unapata joto, na baada ya nusu saa umekuwa jiwe tena. Kwa hiyo kalibu inayoonekana kavu, inayogongeka kama sahani, iliyoanikwa juani siku mbili na kupigwa busu la ushindi, bado ni kisima. Isipookwa kwa saa kadhaa, risasi ikiingia hulazimisha maji kutoka yote kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile yaliyokuwa nayo.

Mahali yalipo maji ndipo penye tofauti yote. Tone likianguka juu ya risasi iliyoyeyuka halileti msiba mkubwa; hucheza juu yake, limebebwa na mvuke wake lenyewe, jambo lililoelezwa na Johann Gottlob Leidenfrost, daktari wa Ujerumani, mwaka 1756. Tone likiwa chini ya risasi halina pa kuchezea. Hutoka kwa kupitia kwenye risasi.

Mwandishi alikuwa amesoma habari za Leidenfrost na kuruka ukurasa wa jasi.

Kazi ilifanyika uani, kwenye ploti yenye nyumba nane za kupanga, saa ambayo nguo zote za wiki zilikuwa kwenye kamba. Jirani mmoja aliuliza kwa upole kilichokuwa kinapikwa, akajibiwa kwa kifupi, “Risasi.” Lugha ya Kiswahili, tajiri kwa mengine yote, iliona vyema neno moja litumike kwa madini na kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Jirani aliwaita watoto wake ndani.

Upawa wa kwanza uliinuliwa, risasi ikametameta kama kioo, ikamiminwa. Kwa muda wa kuhesabu mbili ilitulia. Kisha kalibu ikakohoa. Mlio ulikuwa mkavu na mfupi, na jirani aliyekuwa dirishani, ambaye kwa haki yote alikuwa na taarifa kamili, akapiga yowe: “Risasi! Risasi!” Ploti nzima ililala kifudifudi. Mama aliyekuwa akianua shuka alilala nayo. Kuku walikimbia. Mtu mmoja tu alibaki wima, mwenye upawa mkononi, miwani ya kuchomelea usoni (hiyo ndiyo iliyookoa macho), na moshi ukipanda kutoka juu ya fremu yake.

Mzee wa Nyumba Kumi alifika kabla moshi haujaisha.

“Kijana, hapa kuna nini?”

“Ni risasi tu, mzee. Nilikuwa nayeyusha.”

“Unazo ngapi?”

“Kilo mbili.”

Mzee alitafuta ukuta wa kujiegemeza. Ilichukua dakika arobaini, sufuria, ndoana tatu na picha ya samaki kwenye simu kumwonyesha kwamba hakuna bunduki. Aliondoka akitikisa kichwa, akiagiza kwamba safari nyingine mtu aseme mapema anapika madini gani.

Baada ya hapo kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na hapo ndipo kicheko kinapochacha. Risasi ya bunduki, isiyokuwepo, ililaza watu wazima mavumbini. Risasi ya sufuria, ambayo chembe zake zilikuwa zimetapakaa hadi chini ya kamba ya nepi, haikumwinua mtu kitini. Madini haya hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huingia kwa vumbi la mikononi, yakapanda mpaka kwenye ubongo, na hayatoi harufu wala mlio wa kumlaza mtu chini. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliona mtoto wake mwenyewe akiugua sumu hiyo. Alipigania kifungwe, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyeanza chekechea kiwanda kinafungwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi. Na bado, mjini Ruiru, betri hupasuliwa kwa shoka kando ya barabara, na anayeuliza bei ya risasi haambiwi chochote zaidi ya bei. Mwandishi hakuambiwa, naye, ikisemwa kweli, hakuwaambia majirani. Ua ulipanguswa kwa matambara mabichi mara tatu, na nguo za siku hiyo zikatupwa.

Kalibu ya pili iliokwa usiku kucha na haikusema neno. Ilitoa vichwa saba.

Rangi inayofaa ni ya unga, ile inayopakwa madirisha ya alumini, na mafundi wa Thika huuza masalio yake kwa vijiko. Haina maji wala petroli: ni utomvu wa viwandani, rangi na kigumishi vilivyosagwa pamoja. Kichwa hupashwa moto hadi nyuzi 175 hivi, kikachovywa kwa sekunde moja, na unga hunata ukiyeyuka. Ukiwa umelala tu mkebeni, unga hushika kwa mabonge. Dawa yake iligunduliwa na Mjerumani Erwin Gemmer katika miaka ya 1950: hewa hupulizwa kutoka chini kupitia kitako chenye vitundu vidogo mno. Pampu ya tangi la samaki wa mapambo na karatasi ya chujio vinatosha. Unga huvimba, huanza kutetemeka, ukawa kama maji. Kidole kikizamishwa hakikuti kizuizi, na kikitolewa hakiachi shimo. Mtu anaweza kukaa hapo jioni nzima akizamisha kidole, na mmoja alikaa.

Baada ya kuchovywa, vichwa huokwa kwa dakika kama ishirini ili rangi ikaze isiyeyuke tena. Oveni ya namna hiyo haipaswi kurudi jikoni, kanuni iliyomfikia mwandishi mkewe akiwa amesimama na sinia ya keki mkononi. Tundu la ndoana huzibwa kwa udongo kabla ya kuchovya. Yale saba hayakuzibwa, yakatobolewa baadaye kwa sindano.

Majaribio yalifanyika Jumamosi kwenye shimo la mawe lililojaa maji. Vichwa sita vilishika mwamba na kubaki huko. Hakuna tilapia aliyejitokeza hata kutazama. Ng’ambo ya shimo mvulana wa kama miaka kumi, mwenye nyungunyungu kwenye ndoana na nati ya lori badala ya chubwi, alitoa kambare wawili, na mara ya tatu akanasa kichwa chekundu chenye jicho jeupe. Kilikuwa kimegonga mwamba na kuburutwa juu ya mawe, wala rangi haikuwa na mkwaruzo, ishara kwamba iliokwa ikaiva. Akazunguka nacho.

“Mzee, hii ni yako? Hamsini tu.”

Kisha akamtazama mwenye mali usoni, hasa upande wa kushoto, akasema thelathini inatosha.