Mdoli wa Mtaa wa Congo

Mkono wa mdoli wa duka la nguo, kwa taarifa yako, ni shilingi elfu thelathini. Ukilalamika sana unashuka hadi kumi na tano. Najua kwa sababu niliulipia Jumapili iliyopita, Mtaa wa Congo, Kariakoo, saa mbili asubuhi, muundi wangu ukivuja damu na watu wakimpa pole mdoli.

Nilikuwa najifunza kusimama. Kusimama juu ya baiskeli isiyokwenda, bila mguu kugusa chini. Huo ndio mlango wa mchezo wa traiali, ambamo watu wazima wenye akili zao hupandisha baiskeli juu ya mawe, magogo na kuta. Kwa hesabu iliyotumika miaka mingi, kila mguu ukigusa ardhi ni kosa, na makosa matano yakitimia, kipande hicho umekipoteza. Chimbuko ni Katalunya, Hispania, ambako Pere Pi, mwendesha pikipiki, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ndogo ajifunzie mbinu za baba. Mwaka 1986 mchezo ukapata ubingwa wa dunia. Mimi nimeupata kwenye simu: Danny MacAskill, Mskoti, katika video ya mwaka 2009, akipita na baiskeli juu ya uzio wa vyuma vyenye ncha mjini Edinburgh kama paka wa jirani. Wakati huo alikuwa fundi baiskeli. Mimi hata pancha sizibi, lakini nikaona tumefanana.

Nikapeleka mtumba wangu wa inchi 26 kwa fundi, Gerezani, nikamwomba atoe siti. Baiskeli ya traiali haina siti, ingekuzuia unapojikunja.

"Braza, siti ikitoka utakaa wapi?"

"Sikai."

"Sasa baiskeli ya nini?"

Aliitoa, akakataa kabisa kuzisugua ringi kwa mashine ili breki zing'ate vizuri, jambo ambalo wenzetu hufanya makusudi. Alisema hajafikia kuharibu mali ya mtu kwa hela ya mtu. Kutoka pale hadi Congo nilikutana na watu watano wanaoniuzia siti. Kariakoo haiamini kwamba mtu anaweza kukosa kitu kwa hiari yake.

Sasa niruhusu nieleze, maana kitu chenyewe ni kitamu. Baiskeli inayokwenda haianguki kwa sababu kila inapoinama, usukani unakata kidogo upande uleule na magurudumu yanarudi chini ya uzito wako. Umekuwa ukifanya hivyo tangu utotoni bila kujua. Ikisimama, dawa hiyo imekwisha. Basi wajuzi wanaiba: unakata tairi la mbele, tuseme kushoto, pedeli zinalala sawa, moja mbele na moja nyuma, unasimama wima juu yazo. Ukibonyeza kidogo, tairi haliendi mbele tu, linakwenda na pembeni. Umeinama kushoto? Bonyeza, tairi litakufuata likuokoe. Umeinama kulia? Legeza, lirudi nyuma. Ndiyo maana anayeanza hutafuta mahali pa kupanda kidogo, mteremko wenyewe umrudishe.

Halafu kuna friwili, kile kidude kinacholia tikitiki unapoacha kupiga pedeli. Friwili ya kawaida hung'ata mara ishirini hivi katika mzunguko mzima, kwa hiyo unabonyeza hewa kwanza ndipo inashika. Ya traiali hufungwa mbele, kwenye mkono wa pedeli, na inaweza kung'ata mara 72, hata 108. Unagusa tu, imeshashika. Ile hewa ndiyo inayonitenganisha na MacAskill, na ndivyo nilivyomweleza mwenye mdoli. Hakuelewa.

Kwa sababu ilikuwa hivi. Maduka machache yalikuwa yamefunguliwa, nafasi ilikuwepo. Nikachagua sehemu inayopanda kidogo, mbele ya midoli sita waliovaa jinzi. Nikakata tairi kushoto. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kijana wa bodaboda akauliza, "Huyu naye ana nini?" Nne. Nikabonyeza, nikakuta hewa, mguu ukateleza, pedeli ikazunguka ikanichana muundi, nami nikaelekea kwa midoli nikiwa nimeinyoosha mikono yote miwili. Nilimkumbatia wa kwanza. Akamwegemea wa pili, wa pili akamwegemea wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa sita, mwenye miwani ya jua, ambaye alilala taratibu kama mgeni rasmi aliyezidiwa na joto. Kukawa kimya. Ukimya Kariakoo ni jambo la kutisha.

"Kaka," dada mwenye duka akasema, "huo mkono unakwenda nao wapi?"

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimeushika, kama tunasalimiana.

Tukiwa katikati ya bei, guta la marobota likaziba njia. Nyuma yake akafika kijana na Phoenix yake, keria imebeba trei kumi za mayai, yaani mayai 300, zimefungwa kwa mipira ya tyubu. Akasimama. Hakushusha mguu. Tairi la mbele alilikata kushoto kidogo, likawa linapumua tu, inchi moja mbele, inchi moja nyuma, na yeye anabishana na mwenye guta. Nilihesabu hadi 41. Njia ilipofunguka akanitupia jicho: "Broo, siti wameiba?"

Nilichechemea nyuma yake mpaka alikoshusha mzigo, nikamuuliza alijifunzia wapi.

"Uhuru," akasema, yaani barabara. "Daladala kulia, mtaro kushoto. Mguu utauweka wapi? Na yai likivunjika ni langu, si la bosi."

Hapo nilikosa la kucheka. Mimi nimetafuta mahali pabaya pa kupita kwa ajili ya kujifurahisha. Yeye hajaachiwa mahali pengine. Kando ya Barabara ya Morogoro, pembeni ya mwendokasi, njia ya baiskeli ipo, imejengwa, na ukiipita utakuta gari limepaki, kibanda cha chipsi, gari jingine, pikipiki tatu. Ukishuka barabarani unapigiwa honi na kuitwa mkweche. Anayepaki pale ana gari la kumtoa mvua. Anayesukumwa kwenye lami kwa ajili yake ana mayai. Na siku akigongwa, wa kwanza kuulizwa alikuwa anatafuta nini katikati ya barabara ni yeye.

Jumatatu nilijaribu kuruka ukingo wa barabara. Niliruka mimi, baiskeli ikabaki. Jumatano ilikuwa zamu ya palleti la mbao, na sitaki kulizungumzia.

Rekodi yangu sasa ni sekunde sita. Siti nimeirudisha, nilinunua nyingine, ile ya awali fundi hakuiona tena. Na jana nimepita Congo: mdoli yuleyule, jinzi ileile, mkono mmoja. Dada, ile elfu kumi na tano ilikuwa ya nini?