Sifa za Bwana Msuguano

Katika watumishi wote wanaomhudumia mwanadamu bila ujira wala ahsante, sijamwona hata mmoja atukanwaye hadharani na kutegemewa kwa siri mfano wa huyu Bwana Msuguano. Fundi humlaani kwa kula beringi na bawaba. Mama wa nyumbani humlaani kwa kutoboa viwiko vya mashati. Mwenye gari humlaani kila anunuapo tairi. Na wazee wetu wa pwani, walipotaka kushua jahazi, walitandika magogo chini ya mkuku ili hasidi huyo asipate pa kulishika. Hata lugha yetu imemdhulumu, kwani watu wawili wasipopatana twasema pana msuguano baina yao, kana kwamba wapatanao hawagusani.

Mimi ni mkazi wa Perry Barr, kitongoji cha kaskazini ya Birmingham ambacho watalii hawakitaji sana, na nadhani hapana mahali pafaapo zaidi pa kumtetea dhalili huyu, madhali hapa ndipo ulipo uwanja wa Alexander Stadium, ambapo jioni ya tarehe 3 Agosti 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.02 akatwaa dhahabu, jambo ambalo Mkenya hakupata kulitenda tangu mwaka 1962 huko Perth, aliposhinda kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, yadi 100 na yadi 220 kwa pamoja. Wakenya wa mji huu walipiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Wakasifiwa misuli, mapafu, mwalimu na taifa. Na huyo aliyefanya kazi yote chini ya nyayo hakutajwa na mtu.

Hebu na tufanye insafu. Mkimbiaji, awe na nguvu za simba, hawezi kujisukuma mwenyewe, kama vile mtu asivyoweza kujinyanyua kwa kuvuta ukosi wa kanzu yake. Aliwezalo ni kuipiga ardhi teke kwenda nyuma, nayo ardhi, ikiwa imeshikamana na kiatu, humrudishia teke hilo kwenda mbele. Ipakeni njia yake mafuta ya nazi, na bingwa wa Jumuiya ya Madola atabaki pale pale akitapatapa kama kuku aliyechinjwa. Ndiyo maana kanuni za riadha humruhusu kuvaa chini ya kila kiatu misumari isiyozidi 11, isiyopita milimita 9 kwa urefu katika njia ya mpira, na misumari hiyo si kitu ila mikono midogo ya kumwombea msaada Bwana Msuguano. Omanyala, basi, alizuiwa na ardhi mara arobaini na kitu, na kila alipozuiwa alisonga mbele. Wala sijui nani mwingine duniani awezaye kumsaidia mtu kwa kumzuia.

Siku nne baadaye, katika uwanja huo huo, Arshad Nadeem wa Pakistani alitupa mkuki mita 90.18, na Julius Yego wetu, aliyejifunza mengi ya fani hiyo kwa kutazama video za intaneti, akapata shaba kwa mita 85.70. Mkuki huo umezungushiwa uzi katikati. Mtazamaji hudhani ni pambo, na walakini pasipo uzi huo kiganja chenye jasho kingeuachilia mapema, nao waamuzi wangelazimika kutimua mbio kuliko wanariadha.

Najua hapa hasidi wa Bwana Msuguano atanikatiza, aniulize nasemaje juu ya wale waupendao utelezi. Aghalabu hunielekeza katika barabara ya Aldridge Road, kwenye kile kilichokuwa kiwanja cha mbio za mbwa, ambako kuanzia mwaka 2007 waendeshaji waitwao Brummies walishindana kwa pikipiki za cc 500, gia moja tu, breki hakuna, na kila mmoja amevaa soli ya chuma katika kiatu cha kushoto ili mguu uburuzike vyema penye kona. Gurudumu la nyuma hutupwa upande, changarawe huruka kama mvua, watu hushangilia. Utelezi umeshinda, asema hasidi. Nami humwuliza: pikipiki isiyo na breki ikiingia kona kwa kasi ile, ni nani aipunguzaye na kuizuia isimpeleke bwana yule kwenye ukuta? Wamefukuza breki, wakabaki na baba yake breki.

Kituo chetu cha reli ni cha mwaka 1837, na mahali hapo ni miongoni mwa stesheni za zamani kabisa ulimwenguni ambazo hazijaacha kutumika. Watu wa reli walikuwa na shauku ya kumkimbia Bwana Msuguano: wakaweka chuma juu ya chuma ili mzigo mzito uende kwa nguvu kidogo. Walifaulu mno. Msimu wa majani kupukutika ukifika, magurudumu huyaponda majani yale juu ya reli mpaka yakawa utando wa kuteleza kama sabuni, na treni, pamoja na adhama yake yote, hulazimika kumwaga mchanga mbele ya magurudumu yake, mfano wa tajiri arudiye usiku kumbishia hodi mtumishi aliyemfukuza mchana.

Mtu wa kwanza kutangaza kwa wataalamu kanuni za Bwana Msuguano, huko Paris mwaka 1699, alikuwa Guillaume Amontons, naye alikuwa kiziwi. Sioni ajabu. Sisi wenye masikio tumezisikia mno kelele za mlango na za breki hata tukaghadhibika, ilhali yeye, katika utulivu wake, aliweza kumtazama kwa haki. Na wasiosoma wala kuandika walimfahamu kabla yake: waliopekecha ulindi juu ya kibao kikavu wakapata moto, na hata leo hamali wa Mombasa, ambaye mkokoteni wake una vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa nyuma, afikapo kwenye mteremko huinua mpini tu, mpira ukakwaruza lami, na gunia zake zikateremka kwa heshima.

Sikatai kuwa ni mlafi. Lakini pale Fort Dunlop, si mbali na hapa, maelfu ya watu walilipwa mishahara kwa miaka mingi kutengeneza matairi, yaani chakula chake, na sikusikia hata mmoja wao akimwombea funga.

Kwa upande wangu niliongoka Januari moja, nikiwa bado mgeni. Nilitoka asubuhi nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli laini, nilivyonunua Mombasa kwa ajili ya arusi, na kumbe usiku barafu ilikuwa imetanda na Bwana Msuguano ameondoka bila kuaga. Hatua ya tatu nilikuwa chali. Nikijaribu kuinuka, viganja vinateleza. Nikiegemea magoti, magoti nayo yananikana. Akapita mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Jamaika, anavuta kikapu chake cha magurudumu, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. Akavua glavu ya sufu iliyokuwa imelowa, akanishika kifundo cha mkono kwa kiganja kikavu chenye sugu, akanivuta hata nikasimama. "Mwanangu," akasema, "katafute viatu vya mpira." Nikaenda siku ile ile, kwa hatua fupi fupi kama za bata, nikikanyaga palipomwagwa mchanga tu.