Kung'oa Nanga Johannesburg

Jumatatu. Msimamizi wa ghala alituma ujumbe jana usiku: kesho saa moja asubuhi tuna-"kick off". Nikafika na njumu zangu ndani ya mfuko. Kumbe ni siku ya kuhesabu mali. Nimehesabu maboksi ya mafuta ya kupikia hadi saa kumi, njumu ziko chini ya meza.

Jumanne. Nimemuuliza mwenzangu wa zamu, kijana wa Soweto, maana ya "kick off". Kanieleza vizuri: ni mpira unaopigwa kutoka katikati ya uwanja, basi kila jambo lenye saa yake, mkutano au kampeni, huweza kuanza hivyo. Akanikumbusha Juni 11, 2010, pale Soccer City, Kombe la Dunia lilipoanza kwa Afrika Kusini na Mexico kutoka 1-1. Alikuwa mtoto, bao la Tshabalala analieleza kwa mikono. Nikamwambia magazeti ya kwetu huandika kuwa hata ligi imeng'oa nanga. Nalipenda neno hilo.

Jumatano. Kwenye daftari la zamu nimeandika kwa Kiingereza kuwa mvua ili-"kick off" saa tisa. Msimamizi kakata kwa kalamu nyekundu. Yuko sawa: mvua haina mtu wa kuianzisha.

Ijumaa. Mama mwenye nyumba kanikuta mlangoni nimelowa, akasema "kick off your shoes". Nikasimama nikingoja kinachoanza. Kumbe hapo ni kuvua viatu kwa kuvitikisa mguuni, bila kuinama. Tope likaingia kwenye zulia lake. Nimelisugua kwa brashi na sabuni; alama ya kisigino bado ipo.

Jumapili. Kikao cha mchango wa msiba, Yeoville, hatua chache kutoka sokoni. Mwenyekiti kachelewa, nikaombwa nifungue. Neno la Kiingereza lilinijia mdomoni, nikaliacha. Msiba hauanzwi kwa teke. Nikasema: ndugu zangu, tung'oe nanga. Watu wa Tanga na Lamu wakaacha kuzungumza, wakakaa sawa. Jirani yangu wa Bukavu akauliza nanga ipi, na mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari; akaongeza kuwa Kifaransa cha kwao nacho huanzia mpirani, "coup d'envoi". Nikamwambia jahazi haliondoki mpaka chuma kile kivutwe kutoka topeni, na mkono mmoja haukiwezi. Akanyamaza kidogo. Kisha akatoa randi 100, akaiweka kwenye sinia, ya kwanza.