Rudisheni Vitufe Vyetu

Sijui nani aliwaambia watengenezaji wa simu kwamba vitufe vinatuudhi. Kile cha chini ya kioo kilikuwa na kazi moja: ukipotea, unakibonyeza, unarudi ulikoanzia. Apple walikiondoa kwenye iPhone X mwaka 2017, na mwaka 2019 Android 10 nayo ikaleta ishara zake: pangusa toka chini kwenda juu uondoke, toka pembeni urudi nyuma, na ukipangusa ukakawia kidogo unaona vyote ulivyofungua. Ukawie kiasi gani, hakuna anayesema.

Kijana wangu aliye Mwanza kanitumia simu ya namna hiyo, tena hii ina nyongeza. Vidole vitatu vikishuka kwenye kioo, inapiga picha ya kioo chenyewe. Ukiilaza kifudifudi, inanyamaza. Ukiitikisa, tochi inawaka. Hiyo ya mwisho bila shaka aliijaribu mtu ambaye lami inamfikisha mlangoni. Mimi nikija Benaco kwa bodaboda kwenye makorongo yetu, mfuko wa suruali unamulika saa sita mchana, na watoto wa shule wananifumbia na kunifumbulia viganja, ile ishara ya kumwambia dereva kasahau kuzima.

"Babu, taa! Babu, taa!"

Iliyonigombanisha na watu ni ya kiganja. Kamera ikiwa wazi, ukiinua kiganja mbele yake inahesabu tatu, mbili, moja, inafyatua. Juzi kwa mama lishe nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye chupa ya soda, najitazama kama kofia imekaa sawa, naye kasimama nyuma yangu. Nikamwomba aniandikie sahani ya ugali mpaka jioni. Akainua kiganja: hapa hakuna mkopo. Simu ikafyatua.

"Sasa mzee, deni ni lako, mimi unanipiga picha ya nini?"

Picha ni nzuri, lazima niseme. Hasira yote imeingia.

Urahisi wa kutumia mashine nao una kipimo chake. John Brooke, akiwa Digital Equipment Corporation huko Uingereza, alitunga mwaka 1986 kauli kumi ambazo mtumiaji anazipa alama 1 hadi 5, kisha zinapigiwa hesabu yenye kikomo cha 100. Nikamsomea mama ile inayosema watu wengi wangejifunza kuitumia haraka. Akanitazama, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine unachuruzika maji ya dagaa.

"Nipanguse na nini?"

Jibu hilo Brooke hakuliwekea namba.

Na si sisi wa Ngara tu tunaolalamika. Mwaka 2010 Donald Norman na Jakob Nielsen, wakongwe wa fani hii, waliandika kwamba ishara hizi ni kurudi nyuma: hazionekani popote kwenye kioo, na ukizifanya kwa bahati mbaya hujui umefanya nini wala utatengua vipi. Dereva wa lori akivuka Rusumo kuingia Rwanda anatoka kuendesha kushoto anaingia kulia, lakini pale mpakani anaambiwa. Simu imetuhamisha upande kimyakimya.

Ishara zenyewe hatuna ugomvi nazo. Tazama lori linapoegeshwa hapa kwa kurudi nyuma. Utingo anasimama panapoonekana kwenye kioo cha dereva, viganja vinavuta hewa: njoo, njoo. Kidole kinazunguka: kata usukani. Viganja viwili vinasogeleana polepole, nafasi iliyobaki ndiyo hiyo unayoiona katikati yake. Halafu ngumi: hapo hapo! Dereva awe wa Kigali au wa Tandika, anaelewa, na kila ishara inajibiwa papo hapo na matairi. Asipoelewa, utingo anapiga bodi kwa kiganja, pwaa, na lori linasimama. Huyo ningempa 100 zote. Simu yangu nikiipiga kiganja inafungua kikokotoo.

Nimempelekea fundi simu pale stendi anirudishie vitufe. Kumbe vimo humo humo, vitatu, vimefichwa kwenye mipangilio.

"Ingia tu mwenyewe, mzee," akaniambia, macho yako kwenye simu ya mtu mwingine. "Pangusa toka juu, si katikati, pembeni kidogo, halafu usiachie haraka."