Kadi ya Gari Ina Jina la Nani?

Tulieni. Anayesimama mbele yenu ni bingwa wa sheria za barabarani, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya vyuo kuchelewa kunitambua. Leo nazungumzia janga linaloanza saa nane za usiku, simu inapoita: "Baba, usishtuke."

Kijana ana miaka 27, ndevu zimemjaa, amemgonga mtu wa bodaboda pale Mwenge, na bima imeisha tangu Machi. Mama analia, wajomba wanachangishana, baba anatafuta hati ya kiwanja. Ya nini yote hayo? Tanzania mtu akitimiza miaka 18 ni mtu mzima, na deni lake halipandi ukoo mzima kama siafu. Sheria haiulizi nani alimzaa. Kuzaa si kosa la usalama barabarani. Lingekuwa kosa, nusu ya ukumbi huu mngekuwa gerezani Segerea.

Asante kwa makofi, mzee wa suti ya kaki. Sasa shusha mikono utujibu: kadi ya gari ina jina la nani?

Ahaa.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haimwandami anayeendesha bila bima peke yake. Inamwandama na aliyeruhusu. Aliyeruhusu ni wewe uliyesema, "Funguo ziko juu ya friji." Waingereza, ambao akili zao na zangu hukutana mara chache, waliliona hilo tangu miaka ya 1930 katika kesi ya Monk dhidi ya Warbey: mwenye gari aliliazimisha, bima haikumhusu dereva, akabanwa yeye kumlipa majeruhi. Mwaka 1972, katika kesi ya Morgans dhidi ya Launchbury, wakaongeza kwamba ruhusa tupu haimbebeshi mwenye gari uzembe wa dereva. Lazima dereva awe kwenye shughuli ya mwenye gari. Kwa hiyo mama uliyemwagiza mkaa, pole. Lile gunia kwenye buti ni kielelezo.

Na gari likiwa la kijana mwenyewe? Rudi ukalale. Wakija wazee wa mtaa na shangazi hodari wa kulia, wakaribishe chai, kisha waelekeze chumba cha uani anakolala mhusika. Kuchanga ni hiari. Ila ole wako ukishikishwa kalamu kituoni usaini karatasi kwamba matibabu ni juu yako. Hapo si ubaba tena, umejifunga kwa mkono wako.

Bima ndogo ya gari la kutembelea ni laki moja na ushee kwa mwaka. Sendoff ya binti yenu mlichanga mamilioni, mkakodi na tarumbeta.

Maswali hayaruhusiwi. Kiingilio ni elfu kumi; vijana mnaokula kwenu, andikeni mlangoni namba za simu za baba zenu.